Jino la Bibi Harusi Limezimia

Binti yangu anaolewa! Nimelisema kwanza maana nikianza na salamu nitapasuka. Anaolewa na fundi wa lifti, na ninaposema lifti simaanishi ile ya kuomba barabarani, nasema zile zinazopandisha wakubwa ghorofani, na huyo kijana anaheshimika mpaka mkurugenzi akikwama humo ndani hulitaja jina la mkwe wangu kabla hajamtaja Mungu.

Sasa ndiyo hujambo. Mpendwa mshauri, nimekuja kwako na mikono kichwani, naomba msaada, mimi msomaji wako wa siku zote, mshonaji wa nguo, ninayesoma ukurasa wako huku mguu ukiwa kwenye cherehani, na siku ile ya barua ya mume aliyejificha darini nilicheka nikashona mkono wa gauni la mteja kwenye shingo, na sikukulaumu.

Huyu anayeolewa ni kifungua mimba wangu, anafanya kazi mapokezi kwenye duka la miwani, ni yeye anayewakalisha watu na kuwaambia soma herufi ya chini, na wengine wanarudi macho yakiwa mazima ili tu aje awaambie tena. Uzuri kauchukua kwangu, hilo halina ubishi, hata baba yake anakubali. Meno ndiyo kayachukua kwa baba yake. Yale ya mbele yalikuwa yamepandana kama watu wanaogombea mlango mmoja, na tangu akiwa shule alikuwa akicheka anaweka kiganja mdomoni, na mimi kile kiganja kilikuwa kinaniuma kuliko kidonda, maana mtoto akificha kicheko ni kama mama yake ndiye aliyempa kitu kibovu.

Basi mwaka jana akaenda mwenyewe kwa daktari wa kunyoosha meno, akawekwa waya. Mshauri, ile kazi ni nzuri! Mimi kama fundi nimeitazama kwa karibu, na miwani yangu ya kutungia uzi nimevaa. Kila jino limegundishwa kifungo kidogo cha chuma, na katikati ya vifungo unapita waya mmoja mwembamba, kama uzi wa kukunjia pindo, ukiuvuta huku, na kule kunafuata. Na meno yakatii! Mwezi baada ya mwezi nayaona yanajipanga, na kile kiganja kikaanza kusahau kupanda mdomoni. Nilikuwa mteja akija kupimwa kiuno, kabla sijamgusa na futi, namwita binti yangu, "Mama, njoo, fungua mdomo, mwonyeshe dada hapa," na yeye anasema, "Mama, jamani," lakini anafungua. Nikawatangazia wote, wateja, majirani, wanakwaya wenzangu, kwamba hayo meno mnayoyaona ni wafungwa tu, ngojeni watoke gerezani mwone lulu.

Sasa sikiliza kilichotokea. Jumapili mchana niko dukani kwangu, nimeangusha kopo la pini, nimeinama chini ya meza naziokota, binti akaingia. Akasimama mbele yangu, akasema taratibu, "Mama, amenichumbia." Mshauri, wewe ni mzazi? Kama si mzazi muulize aliyezaa. Mimi niliinuka kutoka chini ya ile meza kama chemchemi ya godoro, na yeye mtoto wa watu ndiyo kwanza anainama anikumbatie, utosi wangu ukakutana na mdomo wake. Kishindo kilisikika mpaka kwa kinyozi. Mimi nikapata nundu, yeye damu, na shati jeupe la mteja likapata yote. Nikitazama, jino moja la mbele, lile la kulia ambalo ndilo lilikuwa limenyooka kuliko wenzake, limeingia ndani kidogo na linacheza.

Tukakimbia kwa daktari, mimi na barafu utosini, yeye na kitambaa mdomoni, na njia nzima namwambia kila tunayekutana naye, "Anaolewa! Anaolewa!" watu wakidhani mchumba ndiye kampiga.

Daktari wake ni msichana mdogo tu, angeweza kuwa binti yangu wa pili, mpole, na ana mikono safi ambayo ningependa iwe ya mshonaji. Akapiga picha ya jino, akalirudisha mahali pake polepole, kisha, mshauri, hapo ndipo vita ilipoanza, akautoa ule waya unaovuta akaweka mwingine laini ambao anasema unashika tu, hauvuti. Nikamwambia, "Daktari, umesahau kukaza."

"Sijasahau, mama. Jino limepata ajali, linapumzishwa. Hatulivuti sasa."

"Mpaka lini?"

"Miezi kadhaa. Inaweza kufika sita, inaweza kuzidi. Tutalipiga picha tena, tuone mzizi unasemaje."

"Daktari, harusi ni baada ya miezi mitatu, wameshapanga wenyewe."

"Hongera sana, mama. Ila jino halijapata kadi."

Binti yangu akacheka hapohapo na damu yake mdomoni! Nikamwuliza daktari kwa heshima tu, hivi tukilivuta kidogokidogo kuna nini, mbona hata kitambaa kilichochanika kinashonwa kikiwa kimechanika. Akaniambia jino lililogongwa likivutwa kabla halijapona, mzizi wake unaweza kuliwa.

"Kuliwa na nani?"

"Na mwili wenyewe, mama."

Hapo nilisimama. Nikamwambia, daktari, mtoto huyu kwangu hajawahi kulala njaa, siku nyingine anabakiza, leo mwili wake utakulaje mizizi? Akavumilia, akachukua pamba yenye ubaridi akawa anagusa jino moja moja. "Hili?" "Baridi." "Hili?" "Baridi, uuh!" Akafika kwenye lile la ajali. "Hili?" Kimya. "Na sasa?" Kimya. Mimi nikafurahi, nikasema afadhali, jino lisilouma ndilo jino zuri. Daktari akatikisa kichwa. "Lisilohisi kitu ndilo linalonitia wasiwasi. Tuseme limezimia, mama. Mengi huamka yenyewe, mengine hayaamki. Tunalipa muda."

Nikamwambia kama limezimia si tulimwagie maji. Wakacheka wote wawili, mpaka yule msaidizi wake mwenye barakoa akageukia ukutani. Mshauri, mimi sikuwa natania.

Tumerudi nyumbani nikamkuta wifi yangu, dada wa mume wangu, ameketi kwenye kiti changu. Huyu wifi tunapendana, lakini mdomo wake haujawahi kuwekewa waya wa kuuzuia. Akamtazama binti, akasema, "Ehe! Kwa hiyo bibi harusi atasimama mbele ya watu na uzio wa kuku mdomoni? Na siku ile, wifi, mume atambusu kupitia geti gani?" Nilicheka kwa nje. Kwa ndani nilichanika kutoka kwapa mpaka pindo, maana watu wote nimewaambia lulu, na mimi nikisema jambo, jambo huwa.

Ni wifi huyohuyo aliyeniambia kuna kijana anaitwa Fundi Tabasamu, ana chumba nyuma ya saluni, ukipita mashine za kukaushia nywele unaingia pazia la zambarau. Nikaenda. Pazuri, pana kioo chenye taa pande zote na kiti cha kuzunguka. Koleo zake zimesimama kwenye glasi ya dawa ya bluu, pamoja na vitana vya saluni. Nikamweleza habari yote, akanisikiliza huku anatafuna bablishi, akasema, "Mama, hao wanakuchelewesha. Mimi navuta. Wiki tatu unamkuta mtoto kanyooka kama rula." Nikamwuliza, na lile lililogongwa? "Hilo ndiyo mteremko kabisa. Limeshalegea, si linakuja lenyewe!" Na mshauri, mimi fundi, niliona ana hoja, maana uzi uliolegea ndio huo unaokazwa, uliokaza utaukaza nini tena? Nikachukua nafasi ya Alhamisi.

Shida ni binti. Hataki. Nimembembeleza, nimemkaripia, nimemnyamazia, chakula tumekula bila kuongea, na mimi kukaa kimya ni kazi nzito kuliko kushona suti. Ananiambia tu, "Mama, siendi." Nikamwambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Akasema, "Mwana mwenyewe ana miaka ishirini na sita, mama." Nikamwendea baba yake aseme neno, akainua gazeti mpaka likamfika kwenye nyusi, akasema nyuma yake, "Mimi meno nimeshatoa mchango wangu." Nikampigia mkwe. Mkwe wangu ana adabu, aliniamkia mara mbili, akasema, "Mama, mimi lifti ikipata mshtuko naifunga, naweka kibao, hata mkurugenzi apande ngazi, mpaka nizikague kamba zake. Siipandishi kwa sababu watu wanasubiri chini." Anajua kuongea kijana yule! Nilimwitia jirani asikie kwenye spika. Lakini jino si lifti.

Na nisikufiche, nimejaribu na mwenyewe. Dukani nina lastiki nyembamba, ile ya viuno vya watoto wachanga, laini, haina madhara, watoto wanalala nayo. Nikawaza, kama kazi ni kuvuta, mimi nimevuta viuno vya mtaa mzima. Jumamosi baada ya chakula binti alijilaza kwenye kochi, mdomo uko wazi kidogo, nikapiga magoti taratibu, nikawa nazungusha lastiki kwenye lile jino na jirani yake, nimefika raundi ya kwanza tu akafumbua macho. Tulitazamana. Akasema, "Mama. Unafanya nini?" Nikasema napima. Toka siku hiyo analala kwa rafiki yake wa kazini, anasema ni kwa sababu ya foleni asubuhi, na chumba chake nakipita nakiona kitanda kimetandikwa, sipendi.

Basi naomba hivi. Maneno yako anayasikia kuliko yangu, tangu akiwa mdogo anakata ukurasa wako. Mwandikie aende Alhamisi. Usiniambie haraka haraka haina baraka, hiyo nimeishona kwenye vitambaa vya viti, najua inavyoandikwa. Mimi nataka siku ile mwanangu acheke mbele ya watu bila kiganja. Ni hilo tu nililotaka tangu azaliwe, na jino lenyewe nimeligonga mimi, kwa hiyo ni juu yangu kulinyoosha. Na wewe umealikwa, njoo na mzee wako kama yupo, kama hayupo nina mjomba.

Ni mimi,
Mama wa Bibi Harusi

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Bibi Harusi, hongera, na hiyo lastiki itupe sasa hivi kabla hujasoma mstari wa pili.

Umetupa? Haya. Jino si kiuno cha mtoto. Jino ni pana juu na jembamba chini, kwa hiyo lastiki ukiifunga haikai ulipoiweka, inateleza kuelekea kwenye ufizi, inaingia ndani usiione, na huko inaendelea kubana na kupanda mzizi siku baada ya siku, ikikata kile kinacholishika jino. Watu wamepoteza meno mazima, meupe, yasiyo na tundu hata moja, kwa kipande cha lastiki ambacho hata dukani kwako ungekifagia. Na kumpigia mtu magoti mdomoni akiwa usingizini, mama, hata mwizi anabisha hodi kuliko hivyo. Unashangaa kahama? Mimi ningehamia kwenye lifti.

Uchungu wako ninauona. Umelea mtoto anayeficha kicheko, ukakiona kiganja kikishuka, halafu kwa kichwa chako mwenyewe, siku ya furaha kuliko zote, ukaligonga jino lililokuwa limenyooka. Nani asingetaka kulirudisha upesi? Lakini huo ni uchungu wako, na dawa unataka anywe yeye. Hapo ndipo ninapokukatalia.

Nimempigia simu daktari wa meno asiyewajua, asiye na wifi katika jambo hili. Nilimsomea barua yako yote, na nilipofika kwenye maji ya kumwagia jino akaomba nirudie mstari. Kisha akanieleza hivi, nami nakueleza wewe kwa lugha tunayoielewa sote.

Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari. Katikati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi ndogo mno zinazolishikilia, laini, zenye uhai, na waya unapovuta ni zenyewe zinazopokea ule mvuto na kuupitisha kwenye mfupa. Upande mmoja mfupa unapungua, upande wa pili unajengwa, jino linasogea. Ni kazi ya polepole na ya nguvu ndogo, na kwa jino zima hufanyika salama. Utosi wako, mama, ulizitandika nyuzi hizo. Zimevimba, nyingine zimekatika. Ukizivuta sasa, tena kwa nguvu, mwili uleule unaopunguza mfupa unaweza kupitiliza ukaanza kuupunguza na mzizi. Ndiko kuliwa alikokuambia daktari wenu, hakumtukana mpishi. Mzizi unakuwa mfupi, na jino refu kwa nje lakini fupi kwa ndani ni kama kifungo kilichoshonwa kwa uzi mmoja, wewe unajua mwisho wake.

Meno mengine yaliyogongwa hufa mshipa ndani yake na kugeuka rangi, yakahitaji kutibiwa mzizi. Mengine hujigandisha kwenye mfupa, na jino likishaganda haliendi popote, ukilivuta linabaki pale pale na badala yake meno mazima ya jirani ndiyo yanayosogea kulifuata. Utakuwa umehamisha mtaa mzima kwa sababu ya mmoja aliyekataa kuhama.

Ndiyo maana daktari wenu anasubiri, na anapiga picha, na anagusa na baridi. Si uvivu. Ajali ndogo husubiriwa miezi michache, kubwa zaidi nusu mwaka au mwaka, kutegemea jino limeumia vipi, na hilo huamuliwa na aliyeiona picha, si mimi wala wewe wala pazia la zambarau. Na usife moyo, meno mengi yaliyogongwa hupona kabisa. Yakishapona huvutwa tena, taratibu, na yananyooka kama wenzake. Mwanao hajakosa lulu. Lulu imechelewa.

Sasa huyo Fundi Tabasamu. Mama, mtu anayeweka koleo za mdomoni pamoja na vitana vya nywele, asiyepiga picha, asiyeuliza jino limegongwa lini, anayeona jino lililolegea kuwa ni mteremko! Mtu akiteguka goti, goti limelegea, je, huo ndio wakati mzuri wa kumtuma dukani? Wewe mwenyewe mteja akikuletea hariri iliyoraruka, unaingiza kwenye cherehani na kukanyaga mpaka mwisho? Hufanyi. Unaitandaza kwanza, unazitazama nyuzi zake. Binti yako umemthamini chini ya hariri ya mteja?

Mkwe wako alikuambia jambo hilihili, ukamwitia jirani amsikie anavyoongea vizuri, ukasahau kusikia anachosema. Huyo kijana shikilia. Asiyepandisha lifti kwa sababu watu wanasubiri chini hatamharakisha mkewe, yaani mwanao, katika lolote. Mzee wako naye ashushe gazeti. Mchango wa meno ameutoa, mchango wa maneno bado.

Na wifi mwambie, kwa salamu zangu, kwamba mabusu hayajawahi kushindwa na uzio. Akitaka ushahidi atazame idadi ya watu duniani.

Sasa nikwambie kitu, na ukae chini. Barua yako haikufika peke yake. Siku mbili kabla yake ilifika nyingine, fupi, ina mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika herufi kubwa ubaoni ili wengine wazisome kwa mbali. Mwandishi ameniruhusu nikusomee, maana anasema ukiambiwa na mtu wa gazeti ndiyo unaamini. Ameandika:

"Mama yangu atakuandikia. Sijui lini, lakini ataandika, na ataanza na harusi. Mwambie simkasirikii kwa jino. Niliposikia kile kishindo, kabla sijasikia maumivu, nilicheka, na nilicheka mdomo wazi. Waya hunikeri asubuhi tu ninapopiga mswaki. Siku ya harusi nitacheka nao, na picha zipigwe. Ninachoogopa ni kingine. Naogopa jino lisiamke. Naogopa ile pamba ya baridi ipite tena na mimi nisisikie kitu, na nataka mama awepo, lakini yeye kila nikitaja jino analia au anatafuta uzi, kwa hiyo nimeshindwa kumwomba."

Umesikia? Unatafuta namna ya kumfanya acheke bila kiganja, na yeye kiganja ameshakishusha siku nyingi. Hahitaji wewe uliyeligonga jino ulinyooshe. Anahitaji mtu wa kumshika mkono wakati linaguswa. Hiyo ndiyo kazi, na haihitaji lastiki wala koleo. Inahitaji ukae kwenye kiti cha pembeni na ufunge mdomo wako wewe, kazi ambayo umesema ni nzito kuliko suti. Shona suti hiyo.

Fanya hivi basi. Leo umpigie Fundi Tabasamu umwambie Alhamisi haipo, na usimpe sababu ndefu, atakuzungusha kwenye kile kiti. Harusi ibaki siku yake, jino likiamka au likilala, maana anaolewa mtu, haliolewi jino. Waliokusikia ukisema lulu, waambie zinakuja, na ukiulizwa lini sema daktari ndiye anayejua. Mpaka jino likaguliwe, binti asing'ate kitu kigumu kwa meno ya mbele, apige mswaki taratibu kuzunguka kile kifungo, na jino likianza kuuma lenyewe, kubadilika rangi au kuvimba ufizi, aende kwa daktari siku hiyohiyo bila kungoja miadi. Siku ya picha za harusi, mpiga picha asimwambie afumbe mdomo. Na kuanzia leo, mama, ukiokota pini, piga kelele kwanza kabla hujainuka.

Binti amenipa na siku aliyopangiwa kurudi kupigwa picha ya jino. Hakuniomba niwaalike, nimejialikia kazi hiyo mwenyewe. Chumba cha kusubiria kina benchi mbili, nimeuliza, mnaenea. Mkwe, binti anasema, ameshaomba ruhusa kazini. Mzee aje, gazeti aliache nyumbani. Wifi aje akae mwisho wa benchi na asiulize la geti. Wewe uingie ndani naye, umshike mkono wa kushoto, na daktari akisema "Hili?" usimjibie.

Ni Jumanne hii, saa tatu asubuhi. Mnangojwa wote.